Ubavu wa Saba

Chumba cha nyuma kilikuwa cha magunia ya mchele
na baiskeli za watoto ambao sasa wana watoto.
Nimekifanya karakana. Kiyoyozi nimekizima:
kikipuliza, mbavu za bawa huruka mezani
kabla hazijawa ndege.
Basi natoka jasho, Agosti, Al-Khodh, saa nne za usiku,
na tone likianguka kwenye gundi
nalifuta kwa pindo la kikoi.

Miaka thelathini na moja nilipakia mizigo uwanjani Sib.
Nimefunga milango ya matumbo ya ndege,
nikaipungia mkono mikia.
Sasa ninayo moja, urefu wake kama mkono wangu,
mti wake mwepesi hivi kwamba ukiushika
unatazama kiganja kuhakikisha.

Mbavu kumi na mbili. Wa saba niliukata vibaya,
nikaukata tena, ukawa mbaya zaidi,
nikauacha. Umo humo ndani. Naujua mimi tu,
na sasa wewe.

Kifuani nimetia kipande cha chuma cha pembe tatu.
Kiarabu chake sikijui, wala Kiswahili chake;
mjukuu wangu Mundhir alipouliza, nikamwambia: kiwiko.
Waya mbili zinatoka kwenye kiwiko, zinapita bawani,
zinafika hadi mkononi mwa rubani,
na rubani amesimama chini, kwa miguu yake,
ndege inamzunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta.
"Kwa hiyo haiendi popote?"
"Haiendi," nikasema. "Inaruka tu."

Salhiya hakusema kitu mpaka alipoikuta pasi.
Ngozi ya bawa hubanwa kwa joto, nikajaribu kumweleza,
hukaza kama ngoma iliyoanikwa motoni.
Yeye kashika kanzu yangu ya Ijumaa,
ina doa la rangi ya chungwa, umbo lake kama Pemba.
"Hii," akasema, "utaivaa hivi hivi."
Nikaivaa.

Lakini usiku ule alileta kiti, na kofia anayoishona,
sindano, uzi, vitobo vyake visivyohesabika,
akakaa mlangoni, maana ndani ni tanuri.
Alizitazama waya zangu muda mrefu.
"Hizo zimepishana."
Nikamwambia nimefuata mchoro.
"Sawa," akasema, akaukata uzi kwa meno.

Hiyo "sawa" ya mke wangu
ndilo neno refu kuliko yote ya Kiswahili.

Alfajiri, kabla changarawe za wadi hazijashika moto,
Salhiya aliishika ndege kwa mikono miwili, uso kaugeuza,
Mundhir akachapa pangaboi; likamchapa yeye kidole kwanza.
Kisha injini ikashika, ikalia kama nyigu ndani ya kopo,
na moshi wa mafuta ya nyonyo ukanirudisha
kwenye kijiko cha bibi, kila mwandamo wa mwezi,
pua imebanwa, "meza, meza, usiteme."

Nikainua mkono: juu.
Ndege ikasikia: chini.

Sekunde mbili, labda. Nilikuwa sijaanza hata kuzunguka.
Vumbi. Waya zikalegea mkononi
kama simu iliyokatwa upande wa pili.
Mundhir alitazama viatu vyake.
Ubavu wa saba ulikuwa nje, juu ya jiwe, mzima,
hauna hata mkwaruzo,
wenzake wote vijiti vya kuchokolea meno.

Salhiya akaja taratibu, akipangusa mafuta kwenye baibui.
Niliingoja ile sentensi. Nilikuwa nimeichuma mwenyewe.
Akachutama. Akazishika waya,
ya kushoto akaipeleka kulia,
akafungua, akafunga, kwa vile vidole vya kofia,
akavuta mara moja kupima.
"Gundi imebaki?"

Imebaki nusu chupa.

"Basi mbavu kumi na moja," akasema,
akaliokota lile moja, akaligeuza kwenye mwanga,
akaliona kosa langu, akalitia mkobani.
"Huu upo."