Hali Nzuri kwa Umri Wake

"Treni ya bati. Ya zamani. Hali nzuri kwa umri wake."
Basi. Maneno kumi, nukta tatu,
na picha moja iliyopigwa usiku
chini ya taa ya jikoni, ambamo naona
kidole gumba cha muuzaji, nusu sahani ya supu,
na kitu cheusi kinachoweza kuwa behewa
au pasi.

Mimi Volkmar, miaka thelathini na minne nimepeleka barua
mitaa ya Görlitz, juani na kwenye theluji,
sikuwahi kufikisha bahasha isiyo na anwani.
Sasa nimestaafu, watu wananiuzia mbuzi ndani ya gunia,
na gunia lenyewe wamelipiga picha kwa mbali.

Niliandika: Bibi, upana wa reli ni milimita ngapi?
Akajibu: Ndiyo.
Niliandika: Ufunguo wake upo? Springi inakaza?
Akajibu: Ni ya zamani sana.
Niliandika: Chini ya tumbo pana mhuri wa kiwanda,
herufi mbili ndani ya duara. Tafadhali kigeuze,
kipige picha tena.
Siku tatu kimya. Kisha picha:
kidole kilekile.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hiyo ilikuwa zamani.
Siku hizi kibaya kimejifunza kutulia,
kinakaa gizani, kinaitwa adimu.
Na "hakijajaribiwa" maana yake kilijaribiwa
mbele ya familia nzima, kikagoma.

Bado nikanunua. Yuro sitini na tano,
na tisa za posta. Usiniulize.
Kaka yangu Gernot alikuwa na behewa la kijani,
paa lake likifunguka kama kopo la sadini.
Mama aliliuza mwaka tulipokosa makaa,
na tangu hapo kila kitu cheusi pichani
mimi nakiona kijani.

Kifurushi kimefika leo, kimezungushwa utepe
kama mguu uliovunjika.
Behewa ni jekundu. Gurudumu moja ni la kuazima,
pengine la kigari cha mwanasesere.
Nilishaanza malalamiko, nyota moja,
maneno makali na koma zake zote,
ndipo karatasi ikadondoka, mwandiko unatetemeka:

"Samahani, sikujua kujibu. Vilikuwa vya Eberhard.
Miaka arobaini na sita alijifungia chumba kile,
kahawa yake nikiiweka mlangoni.
Sijui vinaitwaje. Yamebaki masanduku kumi na moja."

Nimeifuta nyota.
Nimesugua magurudumu kwa mswaki, nimetia tone la mafuta.
Hayakuzunguka.

Kisha nikamwandikia, polepole:
Bibi Roswitha, chukua rula.
Kiweke kitu dirishani, asubuhi.
Ondoa kidole.
Nitakuambia kila kimoja kinaitwaje.

Na, kama si usumbufu,
humo masandukuni
kuna chochote cha kijani?