Inasoma Ngapi?

Sukari imekula vidole vya mama.
Akichovya mkono kwenye maji
hajui kama yametoka kisimani au kwenye birika.
Ndiyo maana leo, baada ya miaka thelathini na minane
ya kupika busaa bila kumuuliza mtu,
ananiita mimi, mtoto wa kiume, dereva wa lori la viazi,
nije na kile kijiti cha kioo
tulichoachiwa na mtu wa maziwa.

Chungu nilikitoa Mbale juu ya magunia matupu.
Usikioshe kwa sabuni, alinionya,
humo ndani wamelala.

Hapa Molo baridi haina haya.
Saa kumi na moja jioni ukungu umeshaingia jikoni
bila hodi, umekalia kuni.

Unga ulichachuka kwenye ndoo siku tatu.
Nikaukaanga juu ya bati huku nakohoa
mpaka ukawa rangi ya udongo wa kwetu.
Wimbi tuliliotesha chini ya gunia,
likatoa ndevu nyeupe, tukalianika, tukalisaga.
Kimea hicho. Bila hicho una uji tu.

"Kisia, inasoma ngapi?"
"Kumi na tatu."
"Hiyo ni Molo," akasema,
kama anayemtaja jirani mchoyo.
"Hapo chachu hujikunja. Haijafa.
Imevuta blanketi mpaka masikioni."

Nikasogeza chungu karibu na moto.
"Sasa?"
"Thelathini na tatu."
"Kisumu hiyo, Februari, mchana.
Huko busaa hukimbia. Hufika kabla ya wageni,
na ikifika imeshakasirika."

Nami kwa ujinga wangu nilikuwa nimeongeza ukuni.
"Arobaini na moja, mama."
Akanyamaza.
"Hapo hapana mji.
Hiyo ni homa ya mtoto. Toa!"

Nikatoa, nikapepea kwa kifuniko, jasho langu mwenyewe
nikililinda lisidondokee ndani.
Nikamwambia dukani kwa Gathungu kuna hamira ya paketi,
unamwaga tu, unalala.
"Naijua," akasema. "Ni kibarua wa siku moja.
Anafanya kazi mbio, anadai chake, anaondoka,
anakuachia harufu ya mkate.
Hawa wangu wanakula polepole. Wanaongea."

Ishirini na saba.
Hiyo hakuijibu upesi.
"Mbale," akasema mwishowe. "Aprili, mvua imekatika,
mlango wa nyuma uko wazi,
baba yako bado yuko kwa fundi wa baiskeli.
Funga hapo hapo."

Nikaifunga Mbale ndani ya koti la baba,
lile zito la ulinzi wa usiku,
mikono yake nikaifundika shingoni mwa chungu.

Niliamka mara mbili na tochi.
Ishirini na tano. Ishirini na nne na nusu.
Nikalala chini kuchochea makaa,
nikaweka jiwe la moto lililoviringishwa kwa kitambaa.
Kurudi, nikapita chumbani kwake:
miguu imetoka nje ya blanketi na haijui.
Nikaigusa. Molo kabisa.
Nikaifunika, nikaenda kutafuta jiwe la pili.

Siku ya pili, kabla ya jogoo:
"Kisia."
"Naam."
"Wameamka."
Ukuta wa mbao ulikuwa katikati yake na jiko,
lakini sikio lake halijaingia ganzi.
Nikasikiliza. Ni kweli, kulikuwa na kitu,
kama mtu anayenong'ona na uji mdomoni.

Nikanyanyua kipimajoto.
"Hicho kiweke," akaita. "Inanuka nini?"
Nikainama, povu likanipasukia puani:
ukali, utamu kidogo nyuma yake,
kama shati la mtu aliyetoka kulima.
Nilikuwa bado natafuta neno
aliposema, "Basi. Imebaki siku moja,"
akageukia ukutani, akalala.