Kidole Gumba cha Utingo

Miaka sita nimekuwa pampu.
Si msemo. Gumba hili la kulia
lina sugu ya mviringo, ukubwa wa shilingi ya zamani,
pale linapokutana na kifungo cheusi
ubavuni mwa injini ya Fuso ya Mama Aikaeli.

Ilikuwa hivi: tunapakia mshare Kibosho saa tisa usiku,
majani ya migomba bado yanadondosha mvua.
Ndetaulwa anazungusha ufunguo, stata inalia,
inalia, inakohoa, kimya.
Nashuka bila kuitwa.
Hamsini. Sitini. Mia na ishirini.
Nalegeza skrubu ya hewa, povu linatoka,
povu, povu, kisha dizeli tupu, rangi ya chai nyepesi.
"Tayari!" Na gari linaamka
na hasira za mtu aliyemwagiwa maji kitandani.

Siku ile ya Bereko lilizima mara nne
kwenye mlima mmoja. Mawe nyuma ya matairi,
mimi na kifungo changu, jua utosini.
Tulifika Dodoma mzigo umeshageuka njano.
Mnunuzi akabonyeza ndizi moja, moja tu,
akafunga daftari.
Mama Aikaeli hakugomba. Alipiga hesabu
nyuma ya risiti ya mbolea, akasema,
"Lipelekeni kwa Nakijwa."

Nakijwa ana gereji Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga,
kwa hiyo spana zake zote zina unga.
Hakugusa injini. Alilala chini ya gari
akafuata bomba kwa ncha za vidole,
kutoka tenki hadi mbele,
kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa.
Akaongea huko huko chini, sisi tunaona viatu tu:

"Pampu yenu si mbovu. Imekaa mbali.
Inavuta. Na anayevuta
humeza hewa kwenye kila ufa,
wala hamtajua ufa uko wapi.
Nitaweka ya umeme, hapa, jirani na tenki,
isukume.
Anayesukuma, ufa wake hutoa jasho.
Mtauona. Mtaukaza."

Ndetaulwa akauliza bei.
Viatu vikanyamaza kidogo,
kisha vikaitaja.

Siku mbili. Chujio jipya lenye bilauri ya kutenga maji,
mipira mipya, waya mwekundu uliofichwa na jua,
fyuzi mbili za akiba ndani ya kopo la dawa ya viatu.
Ile pampu kuukuu akaniwekea kiganjani,
nyepesi kuliko nilivyodhani.
Nikaibonyeza.
Ikanijibu kwa hewa.

Alfajiri ya kwanza Ndetaulwa aligeuza ufunguo nusu.
Huko nyuma kitu kikaanza kuvuma
kama nyuki aliyefungiwa kibuyuni.
Akahesabu hadi tano. Akamalizia.
Injini ikashika.
Mimi mguu mmoja ulikuwa umeshafika chini,
umande kwenye kandambili.
"Panda," akasema. "Unashukia nini?"

Bereko tuliipanda kwa gia ya pili, bila jiwe, bila neno.
Nilikaa mikono mapajani kama mgeni kwenye posa.
Nilifurahi. Naapa nilifurahi.
Ila Ndetaulwa anasema nikisinzia
gumba hubonyeza goti,
na midomo huhesabu.

Siku hizi, kabla ya kupakia, naingia chini na tochi.
Viungo ni vinane. Napitisha gumba, nanusa.
Kikavu. Kikavu. Kikavu.
Jana, cha sita: unyevu,
haujafika hata tone.
Sikumwita mtu.
Nilinyoosha mkono gizani
nikaitafuta spana namba kumi na saba,
ile yenye unga.