Deni la Mfereji

Barua ilifika imekunjwa mara nne,
karatasi ya daftari la shule,
mwandiko wa kalamu inayoishiwa wino:

"Kwa Kampuni ya kumenya kahawa.
Mnakunywa mfereji huu mwaka wa kumi na moja sasa.
Msaragambo hamjafika hata mara moja.
Faini ya asiyefika ni debe moja la mbege.
Kila mwezi una msaragambo wake. Pigeni hesabu wenyewe.
Wenu katika kazi,
Ndelilio Makyao, katibu wa mfereji."

Nikapiga. Ndiyo kazi yangu.
Kumi na moja mara kumi na mbili:
madebe mia moja thelathini na mawili.

Mimi ni mhasibu, nimezoea madeni yenye sura:
dizeli, magunia ya katani, posho ya walinzi,
riba ya benki kule Moshi mjini.
Hili nilitafuta pa kuliweka, nikakosa.
Mfereji hauna namba ya akaunti,
haujawahi kutudai stakabadhi.
Maji huingia kwetu meupe, ya mlimani, ya kung'ata meno,
hutoka mekundu, mazito, makali kama siki,
yakashuka migombani hadi kwa mama Aikaruwa,
ambaye ng'ombe wake siku hizi hunusa tu
akageuza shingo.
Hayo yote kwenye leja yangu
ni sifuri,
iliyoandikwa kwa unadhifu.

Mkurugenzi alisoma, akacheka hadi akavua miwani.
"Mbege! Wakaguzi tutawaambia nini?"
Akanisukumia ripoti ya mwaka, karatasi inayoteleza:
"Sisi tumeshawajibika. Ukurasa wa sita."

Ukurasa wa sita naujua.
Watoto wa shule, miche mia tatu ya grevilea,
na mlima nyuma yao, umefutwa mawingu kwa kompyuta.
Mpiga picha nilimlipa mimi.
Bei ya picha ninayo;
bei ya kumwagilia
sikuiona ikipita mezani.

Jumamosi, saa kumi na mbili,
baridi ya Kibosho inauma masikio,
nimevaa viatu vya mpira vya kaka yangu, vinanipwaya.
Katibu anaita majina, penseli mdomoni.
Wa kwa Temba? Yupo.
Wa kwa Mallya? Tupo wawili.
Mjane wa Ndesario? Ametuma mjukuu.
Akanyamaza. Akalamba penseli.
"Kampuni?"
Mtu mmoja akacheka, kisha akakohoa kuficha.
Nikasikia sauti, kumbe yangu:
"Yupo."

Tulishuka mferejini, maji hadi magotini.
Tope, magugu, mifuko, soksi ya mtoto.
Na penye kona, pale maji yanapochoka,
maganda.
Yamelala tabaka juu ya tabaka, yananuka,
nikayatambua
kama mtu anavyotambua nguo yake
kwenye kamba ya jirani.
Hakuna aliyenisema.
Walinisogezea koleo tu.

Saa sita viganja vilikuwa vimetoka malengelenge.
Nilingoja asante, nakiri. Haikuja.
Katibu alifungua daftari, akapiga mstari mmoja:
"Zimebaki mia moja thelathini na moja.
Na haya maganda, binti,
yanataka mikono ya aliyeyamwaga."

Jumatatu nikaongeza safu kwenye leja,
kati ya Mafuta na Matengenezo.
Juu yake nimeandika MAJI.
Chini bado tupu; sijui hata kipimo chake,
kama ni lita, au ndoo,
au ni shingo ya ng'ombe inayogeuka.

Mkurugenzi ameiona. Hajaifuta.
Hajauliza pia.
Amesimama dirishani kitambo, mgongo kwangu,
kisha akataka kujua
viatu vya mpira, saizi ya tisa,
vinauzwa shilingi ngapi siku hizi
pale Kiboriloni.