Mwana wa Mfaume

Babu wa bibi yangu aliitwa Mfaume,
dobi wa Ndoro, Lindi, mwenye pasi mbili za mkaa
na kidole kilichoungua kikagoma kukunjika.
Alimfulia Mjerumani mmoja, askari, mwana wa mfalme.
Ufalme wenyewe, alisema yule bwana,
ukiwa juu ya farasi unaumaliza
kabla chai haijapoa.

Kiswahili chake cha kambini:
"Mimi tatu. Kaka moja pata nyumba,
kaka pili pata kanisa,
mimi pata bunduki."
Mfaume akaficha kicheko ndani ya shati.

Shati halina siri.
Jasho la homa lina rangi yake, mvinyo una yake,
na damu ya Novemba ile haikuwa ya bwana.
Mfaume aliifua kwa maji baridi, inavyotakiwa,
asimwulize mtu.

Mke alikuwa mjamzito huko kwao. Mtaa mzima ulijua,
maana bwana alikwenda kwa sonara Mbaniani
akaagiza bangili isiyopita kidole gumba.
(Bangili hatujui iliishia wapi.)

Kisha, mfukoni mwa koti la kaki, barua.
Lakiri nyekundu, haijafunguliwa,
imekwisha kuzama beseni zima.
Povu likawa buluu.
Viboko ishirini na tano, Mfaume alihesabu,
akaianika chini ya jamvi, akanyamaza.

Juma lile lile vita vikawaita bara.
Bwana akataka wa kumbebea sanduku la nguo.
Wakamchukua Hemedi, miaka kumi na sita:
mwana wa Mfaume nyuma ya mwana wa mfalme,
njia moja, jua moja, kuelekea Liwale.
Lilirudi sanduku.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja mweupe,
kilembwe wa yule kaka wa nyumba,
na kitabu cha ukoo chenye jalada la ngozi.
Bwana yumo: jina, mwaka, msalaba mdogo.
Nikamtolea kopo la biskuti, na ndani yake karatasi,
wingu la buluu, herufi nne tu zimebaki: Adel.
Akalia. Akauliza inasema nini.
Nilijuaje?

Chai ilipoiva nami nikauliza,
huyo Hemedi wetu, kitabuni, yuko ukurasa gani?
Alipindua, kwa adabu, mmoja mmoja,
mpaka jalada.