Ng'ombe wa Kumi na Tatu

Siku ya kwanza alisema ni vidonda vya tumbo.
Akanywa maziwa, akakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba,
Mabatini yote chini yake, mabati na moshi,
na ziwa kwa mbali kama karai lililosahauliwa juani.
Siku ya pili akasema ni gesi.
Siku ya nne hakusema.

Bugando, kule mlimani, walimwekea sikio la chuma
wakasikia upepo mahali pasipo na mlango.
Ukuta kati ya vyumba viwili vya moyo umechanika,
alisema Daktari Kokushubira. Damu inapotea njia
ndani ya nyumba yake yenyewe.
Wengi hawafiki mezani kwangu, mama. Nakuambia ujue.

Shemeji zangu wakauliza: si mshone sasa hivi?
Akatikisa kichwa. Nyama iliyokufa ni laini,
mkate uliolowa chai; sindano inapita, uzi unakata.
Nikimvusha siku chache, kingo zitakakamaa.
Wao hawakuelewa.
Mimi nashona Mlango Mmoja, mwaka wa ishirini na mbili,
nimerudisha mashati ya watu kwa sababu hiyo hiyo.
Nikamuuliza: utashika mbali na mpasuko, penye uzima?
Akanitazama kama aliyekutana na mtu wa kwao.
Mbali, akasema. Na kiraka.
Cha nini?
Ngozi nyembamba inayofunika moyo wa ng'ombe.

Siku sita puto lilimsaidia kusukuma damu.
Usiku wa tano presha ilianguka,
muuguzi akakimbia, kandambili yake moja ikabaki mlangoni.
Niliiokota, nikaishika hadi alfajiri.
Sijui kwa nini naikumbuka kuliko sala zangu.

Kisha saa saba za mlango uliofungwa.

Baba alipokea ng'ombe kumi na wawili kwa ajili yangu.
Lugembe aliwaswaga mwenyewe kutoka Magu,
akiwataja mmoja mmoja kwa rangi.
Huyu wa kumi na tatu hakumwona,
hajui hata alichinjwa nchi gani,
naye ndiye aliyemkaribisha ndani.

Sasa anapanda ngazi za mawe kwa vituo vitatu,
akijifanya anatazama ziwa.
Vidonge asubuhi, vidonge jioni; chumvi nimeificha.
Nyama ya ng'ombe hagusi. "Mpangaji haliwi," anasema.
Usiku naweka sikio pale kwenye kovu,
si kwa mapenzi tu. Ni ukaguzi.
Fundi hulala akiujua uzi wake.
Huu si wangu,
naukagua tena.