Siku Ishirini na Nane

Leseni, kwa sheria yetu, hufa na mwenyewe.
Haingoji matanga.
Gwilym Probert alianguka Alhamisi, funguo za pishi mkononi,
na kabla hajaoshwa
baa yake ilikwisha kuwa nyumba tu yenye viti vingi.

Mimi ndimi karani wa vibali, ghorofa ya pili,
dirisha linatazama vifusi vya mawe meusi
vilivyoachwa na machimbo. Hapa Wales mvua huja ubavuni.
Nikamwandikia mjane: Bibi Eluned, pole.
Kisha mstari wa pili, maana barua zetu hazina mahali pa kuvuta pumzi:
una siku ishirini na nane kuleta taarifa,
vinginevyo usimuuzie mtu hata tone.
Eda ya serikali ni fupi,
nayo ina ada.

Siku ya tisa alikuja mwenyewe,
koti la marehemu limemfika magotini,
akauliza kama kalamu ya bluu inakubalika.
Miaka thelathini na mitatu amejaza bilauri,
anajua nani wa kuongezewa na nani wa kuambiwa
"nenda nyumbani, Emrys,"
lakini cheti hana. Cheti alikuwa nacho yule.
Basi akapanda basi hadi Bangor, akakaa darasani
na vijana wenye umri wa wajukuu,
akajibu maswali arobaini kuhusu ulevi
kwa kutia alama kwenye visanduku.
Alikosa moja. Mpaka leo anabishana nalo.

Fomu inauliza: milango ya dharura mingapi?
Miwili, na dirisha la choo, kwa Emrys.
Fomu inauliza: watu wangapi kwa wakati mmoja?
Sitini. Siku ya mazishi sikuhesabu.
Fomu inauliza: burudani ya aina gani, na saa ya kukoma?
Hapo mwandiko ulijaa, ukageuka, ukapanda pembezoni:
Jumatano. Wanaume kumi na mmoja. Watatu kati yao
vumbi la machimbo limewalia mapafu, huimba wamekaa.
Hukoma saa nne usiku, au wanapolia.
Mkuu wangu akasema, hilo la mwisho si saa.
Nikalikata kwa rula.
Sijajisamehe vizuri.

Kwa ajili ya nyimbo ilibidi karatasi ya bluu
ibandikwe dirishani: mwenye pingamizi na aseme.
Tulijua nani atasema. Idwal Rees, nyumba ya pili,
miaka kumi na sita barua ile ile:
kelele, milango ya magari,
mtu asiyejulikana (ni Emrys) kakojolea mawaridi.
Ikaja. Imechapwa, hata mkato mmoja haukuhama.
Ila chini kabisa, kwa wino, mkono unatetemeka:
Ngazi yangu alikuwa nayo Gwilym. Asiirudishe kwa sasa.
Nilizunguka ofisi nzima nikitafuta
faili la kuwekea sentensi hiyo.

Siku ya ishirini na sita nikagonga muhuri.
Nikaenda kukagua: mitungi ya kuzimia moto,
taa za njiani, bei zimeandikwa mahali pa kuonekana.
Eluned alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi,
Idwal ameishika miguu ya ngazi huku akilalamika
kwamba rangi inamdondokea kofiani.
Juu ya mlango sharti lisomeke jina la mwenye leseni.
Alikuwa amepaka nyeupe juu ya jina la mumewe,
mkono mmoja tu, nyembamba kama maziwa yaliyotiwa maji,
na lake akaliandika juu yake kwa rangi nyeusi,
Gwilym akichungulia nyuma ya kila herufi.

Alinitazama. Sikusema kitu.
Nikafungua kanuni, ukurasa kwa ukurasa, mvua ikiziloweka.
Hakuna palipoandikwa
rangi iwe nzito kiasi gani.